Kikombe cha Maji ya Liwali

Mmenitaka niandike, basi naandika, lakini msije mkanilaumu. Nyie wasichana wa ofisi ya ustawi mmezoea ripoti zilizopigwa mistari kwa rula. Mie nitaandika kama ninavyosema, na anayeona maneno ni mengi aruke, hajafungwa kamba.

Habari za kupandishwa cheo sina, maana cheo nilichoanza nacho ndicho nilichostaafu nacho. Mshahara siutaji. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba kuuzungumza ni kuupa heshima usiyostahili. Nitawaambia kazi.

Mie ni Nyamizi binti Maganga, Mnyamwezi. Baba yangu aliteremka na mizigo ya watu kutoka bara enzi za Mjerumani, akaipenda pwani, asirudi tena. Mie nimezaliwa hukuhuku Temeke, wakati Temeke ni mihogo na mikorosho, nyumba moja hapa, nyingine kule. Kinyamwezi changu ni cha kuombea maji tu. Lakini Wazaramo, wenye nchi hii, hawajaniacha nisahau kwetu hata siku moja, kwa kuwa sie na wao ni watani. Nikipita njiani, mtu mzima na ndevu zake ananipigia kelele, "Pagazi we, shusha mzigo upumzike!" Nami namjibu, "Niushushe wapi, na nyie kila kiwanja mmekijaza ngoma?" Hapo tumesalimiana. Likumbukeni hilo la utani, maana bila hilo sina cha kusimulia.

Niliingia kazini nilipofiwa na mume wangu, miaka michache kabla ya vita ya pili. Baraza letu lilikuwa chini ya Liwali, ndiye hakimu wetu sie wenyeji. Alikaa na wazee wawili pembeni yake, mmoja mjuzi wa mila, mmoja mwalimu wa dini, na kesi zao nyingi zilikuwa za ndoa, talaka, mirathi na watoto. Matarishi wote, yaani wapeleka samansi, walikuwa wanaume.

Mtaniuliza mwanamke aliingiaje hapo. Aliingia kwa sababu ya hodi. Tarishi mwanaume akipiga hodi kwenye nyumba ya heshima, anajibiwa na sauti kutoka uani, "Mwenyewe hayupo." Na mwenyewe ndiye huyo huyo anayejibu! Tarishi hawezi kuingia kwa wanawake, hawezi kumwita mtu mwongo mlangoni kwake, basi anarudi na karatasi yake. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, na mtoto anayegombewa anazidi kurefuka. Liwali akachoka. Akasema atafutwe mwanamke mtu mzima, mjane, asiyeogopa mbwa wala mawifi. Mbwa nilikuwa nawaogopa, lakini sikusema.

Siku ya kwanza karani aliniletea sare. Shati la kaki, kaptura ya kaki, na kofia nyekundu ya kitunga. Nikaitazama ile kaptura, nikamtazama yeye. "Bwana Karani," nikasema, "nikivaa hii, nitakayempelekea samansi atakufa kwa kicheko kabla hajafika barazani." Akakuna kichwa. Mwishowe nilipewa beji ya shaba tu, nikaibandika kwenye kanga, na ndiyo iliyokuwa sare yangu mpaka mwisho.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, tarishi mkongwe, Mzaramo wa Mbagala, mwembamba, mkorofi, Mungu amrehemu. "Usipige hodi ya serikali," aliniambia. "Hodi ya serikali watu wanaficha mpaka sahani. Nenda ukaombe moto."

Nyie mmekulia kwenye viberiti, hamjui kuomba moto. Zamani jiko likizimika unachukua kifuu cha nazi, unakwenda kwa jirani, unapewa kaa. Na mwanamke mwenye kifuu hasimamishwi mlangoni. Anaambiwa "pita jikoni". Basi nikawa natembea na kifuu changu, kutoka Keko mpaka Chamazi, kama kichaa. Jikoni ndiko unakoona mtoto yupi anakula na wenziwe na yupi anangojea ukoko. Unaona nani ana nguo ya kubadili. Unaona nani akisikia kikohozi cha mwenye nyumba anasimama wima. Nikishaona ya kuona, naitoa samansi kwenye pindo la kanga. Kuna waliokuwa wananirudishia samansi na kuniachia moto. Hao niliwachomekea karatasi yao chini ya kifuniko cha chungu, nikaaga.

Makarani na walimu wa bara waliooana kanisani hawakuwa wetu, ndoa zao zilikwenda kwa hakimu Mzungu huko mjini. Hilo halikuwazuia wake zao kunisimamisha kisimani na kunieleza kila kitu, tangu posa mpaka kofi la jana. Nawaambia kweli, kesi nilizosikiliza kisimani ni nyingi kuliko alizosikiliza Liwali kitini. Kazi yangu kisimani ilikuwa kusikia na kunyamaza, na ya pili ilinishinda kuliko ya kwanza.

Sasa niwaambie tundu lililokuwepo, maana nyie mmelikuta limezibwa. Baraza lilikuwa na nguvu juu ya mtoto baada ya hukumu. Kabla ya hukumu halikuwa na nguvu yoyote. Aliyemshika mtoto ndiye aliyemshika, na ngoja siku ya kesi. Palikuwa na kesi moja mlalamikaji alikuwepo, mashahidi walikuwepo, Liwali alikuwepo, mtoto hayupo. Mvulana. Baba wa kambo kampakia kwenye lori la mkonge, na alikoshushwa hatukupajua kamwe. Bibi yake alikuwa amekuja na furushi la nguo zake, amezifua na kuzikunja, akijua atarudi naye. Nilimsindikiza bibi yule mpaka Keko. Njia nzima furushi kalikumbatia. Niliumia, jamani. Mpaka leo nikiona lori la mkonge nageuza uso.

Ndipo ikaja kesi ya Tatu.

Tatu alikuwa mtoto wa Mtoni, wa umri wa kuteka maji lakini si wa kupika. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na bibi yake mzaa mama, Bi Chausiku, huku baba yake Shomari akiwatunza wote wawili. Homa ikamchukua Shomari. Mazishi yalipokwisha, ndugu yake Shomari, Mzee Kondo, Mzaramo wa Mbagala, alimchukua Tatu kwake, akatangaza kwamba arobaini ikipita mtoto atapelekwa Kilwa kuolewa na rafiki yake, mtu mzima mwenye minazi mingi. Bi Chausiku alikuja barazani bila viatu. Alisema neno moja tu, "Mtoto hajavunja ungo, Bwana Liwali." Kesi ikapangwa Alhamisi, baada ya arobaini.

Msimdhani Mzee Kondo mtu mbaya. Angekuwa mbaya kazi yangu ingekuwa nyepesi. Alimwosha ndugu yake kwa mikono yake, alilia mpaka sauti ikakauka, na aliamini kabisa kwamba yatima wa kike akiozwa mapema ameokoka na dunia. Mtu anayekosea kwa mapenzi ni mgumu kumrudisha njiani, kwa sababu kila ukimvuta anadhani unamvuta kwenye kosa.

Nikachukua kifuu changu, nikaenda Mbagala. Jikoni nikawakuta wanawake wanakaanga visheti, beseni zima limejaa. Visheti vingi hivyo, na nyumba iko msibani?

"Vya nani hivi, shoga zangu?"

"Vya Tatu, vya safari. Arobaini ni Jumapili, Jumatatu asubuhi anapanda stima ya Kilwa na baba yake mkubwa."

"Na Alhamisi je, barazani?"

Yule mkubwa wao akacheka kidogo. "Mwenyewe habari za kesi keshazisikia, anasema atarudi kumweleza Liwali. Mtoto atakuwa keshafika."

Tatu alikuwa pembeni anachunga unga. Wamemvika kanga mpya, ndefu kwake, kila mara anaivuta isimkwaze. Akaniamkia, "Shikamoo, Bi." Nikaitikia marahaba. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bi, Kilwa ni mbali?"

"Wewe mbali kote ulishafika wapi?"

"Kisimani."

Nikatoa samansi, nikamkabidhi yule mkubwa wao, nikaondoka. Moto niliusahau.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Liwali. Alikuwa mtu mpole, mzito wa mwili, mwenye kupima kila neno kama dhahabu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Binti Maganga," akasema, "nikimzuia mtu kusafiri na mtoto wa ndugu yake kabla sijamhukumu, nimezuia kwa sheria gani? Nitajie, niitumie."

"Sheria siijui, Bwana Liwali. Najua kwamba Alhamisi hatutakuwa na mtoto."

"Najua," akasema, na akainamisha kichwa. Niliona kwamba linamuuma, lakini kuumwa kwake hakutasimamisha stima.

Nje nikamkuta Mzee Feruzi anaziba pancha ya baiskeli. Nikamwambia yote kwa hasira, na yeye badala ya kunipa pole akaangua kicheko. "Pagazi mzima we! Wajomba zako walibeba pembe za ndovu toka maziwa makuu mpaka baharini, wewe unashindwa kubeba katoto kamoja toka Mbagala?"

Nilifungua mdomo nimjibu tusi lake, kisha nikaufunga. Nikamwangalia. Naye akaniangalia, kicheko kikamwisha, akasema taratibu, "Arobaini ni Jumapili, siyo?"

Wengine wenu mmetoka mbali, hamjui mtani kazi yake nini msibani, basi niwaeleze. Siku ya kuondoa msiba, watani wanakuja kuutoa msiba ndani ya nyumba kwa kicheko. Mmoja atavaa koti la marehemu na kutembea kama yeye, mwingine atalala mlangoni watu wasipite. Na mtani akikamata kitu, sufuria, mkeka, viatu vya mfiwa, kile kitu ni chake mpaka kikombolewe. Bei anataja yeye. Kumnyang'anya kwa nguvu hakuna, maana wazee wanasema aliyemnyang'anya mtani siku hiyo ameufunga msiba ndani, utarudi kumtafuta mwingine.

Jumapili nilivua beji ya serikali, nikaiweka chini ya mto. Nilikwenda kama mtoto wa Maganga, basi.

Khitima ilisomwa, ubwabwa ukaliwa. Wanyamwezi wenzangu walikuwa wamekwishaanza fujo zao. Mmoja kavaa kofia ya Shomari, anachechemea kama alivyokuwa akichechemea Shomari, na watu wanacheka huku wanafuta machozi. Mzee Kondo mwenyewe alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu kuzika. Nikaingia uani. Tatu amekaa na wanawake, kasukwa nywele za safari. Nikamwinua, nikafunga pindo la kanga yangu kiunoni mwake, fundo la nguvu, nikatoka naye mpaka katikati ya wanaume.

"Nimekamata!" nikapiga kelele. "Hiki ndicho changu!"

Kicheko! Watu walipiga makofi. Mzee Kondo akainuka, mikono kiunoni. "Pagazi, sufuria umezikosa? Haya, chukua jogoo, niachie mwanangu."

"Jogoo wenu mwembamba, amecheza ngoma usiku kucha kama nyie."

"Mbuzi basi."

"Nimlaze wapi? Mie nakaa chumba kimoja."

"Taja mwenyewe!"

"Nataka kikombe cha maji."

Wakaangua kicheko tena, na mmoja akapiga kelele kijana akateke maji upesi. Nikainua mkono. "Ngojeni. Maji yatekwe na Liwali, kwa mkono wake mwenyewe, pale barazani. Na nimesikia siku yake ya kuteka ni Alhamisi."

Mzee Kondo kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Alinyoosha mkono amshike mtoto, na shangazi yake, mwanamke mzee kabisa aliyekuwa kakaa kwenye mkeka, akamkemea, "Kondo! Huyo ni mtani!"

"Shangazi, mtoto anasafiri kesho!"

"Mkomboe, asafiri. Unataka msiba ubaki humu? Unataka ufuate nani, mie?"

Kondo akanigeukia, macho mekundu. "Nitakwenda kwa Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya. Umeniibia mtoto."

"Nenda," nikamwambia. "Kamweleze Mzungu kwamba umenyang'anywa mtoto na mtani kwenye arobaini. Akikuelewa, nipe habari."

Nikaondoka na Tatu, tumefungana kanga, mbele za watu, kichwa juu.

Nyumbani Tatu hakutaka kula. Alikaa na mgongo ukutani, viatu miguuni. Nikamwacha. Nikasonga ugali wangu, nikala mbele yake kwa kelele, na mwishowe mkono wake ukaja sahanini. Kisha akauliza, "Bi, mie sasa ni kitu chako?"

"Ndiyo."

"Utanifanya nini?"

"Utanioshea sahani. Nachukia kuosha sahani."

Akafikiri. "Vitu vya mtani hurudishwa?"

"Vikikombolewa."

"Na visipokombolewa?"

"Vinakaa kwa mtani."

Akavua viatu, akavipanga mlangoni pamoja na vyangu.

Alhamisi baraza lilijaa. Habari zilikuwa zimefika mpaka Kinondoni, na watu wasio na kesi walikuja kuona maji. Mie nilikuwa ndani nikiwapanga mashahidi. Tatu alikuwa nje, kwenye kibaraza upande wa jua pamoja na watoto wengine wa kesi, maana ndiyo ilikuwa desturi. Watoto hawakuingia. Waliambiwa wakae, wasicheze, wasiseme, wakubwa wanazungumza mambo yao. Mambo yao ndiyo watoto hao hao.

Mzee Kondo aliingia na kanzu safi na koti. Kabla ya kusomwa shauri akasimama. "Bwana Liwali, naomba maji. Nimkomboe mwanangu kwanza, kisha tuzungumze kama watu."

Watu wakacheka. Liwali hakucheka. Akamtazama, akanitazama mie. "Binti Maganga, ulikwenda kule kwa beji yangu au kwa utani wako?"

"Kwa utani, Bwana Liwali. Beji niliiacha nyumbani."

"Vizuri." Akanyanyuka. Kulikuwa na mtungi nyuma ya kiti chake, mtungi wa wazee wa baraza. Akachukua kata, akateka mwenyewe, akamimina kwenye kikombe chake cha chai. Bei ilikuwa inalipwa mbele ya macho yangu, na nilichokuwa nimenunua kwa siku zile ni nafasi ya kusikilizwa tu. Stima nyingine ya Kilwa ipo.

"Mtoto yuko wapi?" Liwali akauliza.

"Nje, Bwana Liwali."

"Mleteni. Kitu kinachokombolewa lazima kionekane."

Tatu akaingia, anavuta ile kanga yake ndefu. Liwali akampa kikombe. "Mpelekee baba yako mkubwa, naye ampe mtani wake."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akamtazama Mzee Kondo. Akamtazama bibi yake. Akaangalia ndani ya kikombe. Kisha akakiinua, akanywa maji yote mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akamrudishia Liwali kikombe.

"Ahsante, babu," akasema. "Yapo mengine?"

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Mzee Feruzi alijishika mbavu. Lakini Liwali alibaki kasimama na kikombe kitupu mkononi, na kicheko kikafa chenyewe.

"Hujanywa maji tangu asubuhi?"

"Sijanywa."

"Mbona hukuomba?"

"Mlisema watoto tusiseme."

Nimeona Liwali akitoa hukumu za kila namna, sijapata kumwona na uso ule. Akateka tena, akampa, akangoja mpaka amalize. Akamkalisha kwenye mkeka karibu na miguu yake. Akamuuliza yule mzee mwalimu wa dini kama inafaa kumuuliza mtoto, na mwalimu akasema mtoto akifikia kupambanua jema na baya anaulizwa, hilo liko vitabuni siku zote, ni sisi tu hatukulifanya.

"Unajua ulikuwa unapelekwa wapi?"

"Kilwa. Kuolewa."

"Huyo mume unamjua?"

"Ana minazi."

"Na wewe wataka nini?"

"Nataka kukaa na bibi. Na baba mkubwa aje Idi, kama baba alivyokuwa anakuja."

Mzee Kondo akafunika uso kwa ncha ya kanzu. Alilia waziwazi, mtu mzima yule, na hakuna aliyemcheka. Alipoweza kusema alisema, "Bwana Liwali, nilidhani namwekea akiba."

Hukumu ilikuwa fupi. Tatu akae na Bi Chausiku. Mzee Kondo ni baba yake mkubwa na ataingia pale mlango wa mbele. Mtoto haozwi mpaka akue, na siku hiyo ataulizwa mwenyewe mbele ya baraza. Nikasimama, "Na ukombozi wangu, Bwana Liwali? Maji kayanywa mtoto."

"Hilo la watani," akasema. "Silihukumu."

"Basi sijakombolewa kitu. Namwazimisha kwa bibi yake."

Tangu siku ile, kwenye baraza letu, mambo mawili yalibadilika. Kwanza, kesi ya mtoto ilianza na maji. Mtoto anaingizwa ndani, anakalishwa mkekani, anapewa maji kwa mkono wa Liwali, na anaulizwa kabla wakubwa hawajaanza kupayuka. Pili, mtoto anayegombewa aliwekwa kwa mtu wa tatu mpaka siku ya kesi, na wakaidi walipouliza kwa sheria gani, Liwali aliwajibu, "Kwa mila ya nchi hii, waulizeni wazee." Bwana Shauri alipokuja kukagua alisimuliwa, akaandika, akasema ni jambo la busara sana. Niliambiwa baadaye kwamba kwenye ripoti lilikuwa wazo la Bwana Shauri. Hewala. Mtoto hakujali wazo la nani.

Nilikaa na watoto wengi chumbani mwangu miaka iliyofuata. Wengine walinivunjia vyungu, mmoja alinifundisha kupiga mluzi. Siyo kesi zote zilikwisha vizuri, na zile zilizokwisha vibaya nazikumbuka kwa majina, sitayaandika. Baada ya vita ikaja ofisi yenu, na Bibi Mzungu wenu wa kwanza, na amri za korti zenye muhuri, na nyumba ya kulaza watoto yenye vitanda. Nilifurahi, kwa kweli. Ila nilipoona mnapiga hodi ya serikali nilitaka kulia. Chukueni kifuu, wanangu. Siku hizi watu wana viberiti, basi ombeni chumvi.

Mzee Kondo alikuja kila Idi, kwa Tatu na kwangu. Kwangu alikuja na kikombe cha maji. "Pagazi, nimekuja kumkomboa mwanangu!" Namuuliza, "Kateka nani?" "Mie." "Wewe Liwali?" Nayamwaga, tunacheka, anakula pilau yangu, anaisema mbaya. Ilikuwa hivyo mpaka Mungu alipomchukua, na kwenye arobaini yake nilikamata kofia yake. Ninayo.

Tatu alisoma, akawa mkunga wa zahanati. Aliolewa na aliyemtaka, akaulizwa mbele ya baraza kama ilivyoamriwa, akajibu kwa sauti mpaka waliokuwa nje wakasikia.

Mwezi uliopita, siku niliyorudisha beji, nilikuwa nimekaa uani kwangu nimechoka na hotuba za watu. Nikaona mtu anakuja, anatembea polepole sana katikati ya jua kali la mchana, kashika kitu mbele yake kwa mikono miwili, kimefunikwa kisahani. Ni Tatu. Kanga imejaa vumbi, jasho linamtiririka. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kujikomboa."

Akafunua. Kikombe cha maji.

"Kateka nani?"

"Liwali mwenyewe, kwa mkono wake. Nimetoka kwake Kinondoni. Mkono unatetemeka, kamwaga nusu, nikamwambia ateke tena. Wenye basi wamenicheka njia nzima."

Nikachungulia ndani ya kikombe.

"Liwali kastaafu, mwanangu," nikamwambia. "Maji ya Liwali mstaafu hayakomboi kitu. Nenda kwa aliyeko kazini."

"Nilikwenda. Amesema hana fomu ya maji."

"Basi. U wangu bado. Kunywa wewe, umetoka mbali na jua kali."

Akanitazama, machozi yanamtoka na anacheka. Kisha akakiinua kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaniuliza kama yapo mengine.